Vikombe vya mpira havivuti karatasi

Ukipita Nasser Road, Kampala, utasikia mashine za kuchapa zikihema: fyuu, tak, fyuu, tak. Uliza, nawe utaambiwa vile vikombe vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mashine "vinavuta" karatasi kutoka kwenye rundo. Ndivyo tulivyozoea kusema, lakini sivyo ilivyo.

Utupu hauna mkono wa kuvuta. Pampu inapotoa hewa ndani ya kikombe, hewa ya nje ndiyo inayoisukuma karatasi kutoka chini hadi ibanane na mpira. Usawa wa bahari, tuseme Mombasa, msukumo huo ni karibu kilo 1 kwa kila sentimita 1 ya mraba. Kampala iko juu kama mita 1,200, kwa hiyo unapungua kwa takriban sehemu moja ya nane.

Sasa, hewa itapitaje chini ya karatasi iliyolaliana na mwenzake? Ndiyo kazi ya vile vitundu pembeni mwa rundo: vinapuliza, na karatasi za juu zinaanza kupepea moja moja. Kinachotenganisha ni upepo huo. (Mwenye kupepeta rundo kwa kidole gumba kabla ya kulipakia anafanya jambo lile lile.)

Ndiyo maana zikipanda mbili mbili, kuongeza nguvu ya pampu mara nyingi huharibu zaidi: karatasi nyepesi hupitisha hewa, na kikombe kinaishika hata ya pili. Punguza pampu, ongeza upepo, kisha tazama kingo za karatasi kama kisu butu cha kukatia hakikuzigandisha.