Kodi na imani kwa serikali: mambo tunayoyaelewa kinyume

Dhana: watu hawalipi kodi kwa sababu hawaogopi, ongeza faini na jela uone kama hawatalipa.

Ukweli: woga unasaidia ila haufiki mbali. Mwaka 1972 wachumi Allingham na Sandmo walipiga hesabu kwamba mtu anapima tu uwezekano wa kukamatwa na ukubwa wa adhabu, basi, lakini ukaguzi unagusa watu wachache sana, sasa kwa hesabu hiyo wakwepaji wangekuwa wengi mno kuliko walivyo. 2008 mwanasaikolojia wa uchumi Kirchler na wenzake wakaja na picha pana zaidi, kwamba kuna nguvu ya serikali na kuna imani ya wananchi, zote zinaleta hela lakini ya nguvu ni ya shingo upande, mtu akiona kichochoro tu anapita. Na ukali ukizidi unaila hiyo imani yenyewe. Fikiria umeenda ofisi ya kodi kuuliza swali la kawaida kuhusu fomu, ofisa hata macho hainui, anakujibu kama vile ameshakukamata unaiba, kweli mwezi ujao utaenda tena kwa moyo mweupe? Hili linaniuma kwa sababu huyo ndo alikuja mwenyewe bila kuitwa!

Dhana: kodi ikiwa kubwa lazima watu wakwepe. Hapana jamani, Denmark kodi zake ni kati ya za juu kabisa duniani na wanalipa, manake matibabu na chuo wanavipata bila kuchomoa pochi.

Dhana: basi imani ikiwepo ukaguzi wa nini. Hapa wengi wetu tunaopenda kusema habari za imani tunateleza. Hukohuko Denmark, utafiti uliotoka 2011 ulikuta mapato ambayo mwajiri au benki wameshayaripoti udanganyifu karibu hakuna, ila yale mtu anayojaza mwenyewe, upo. Kwa hiyo hata penye imani, jicho la kukagua bado linahitajika.

Na imani yenyewe sio kwa serikali tu, mtu anataka kujua na jirani analipa, manake hakuna anayekubali kuwa mjinga peke yake. Uingereza waliwatumia wanaodaiwa barua za kuwakumbusha, baadhi wakaongezewa sentensi moja tu kwamba watu 9 kati ya 10 wanalipa kwa wakati, na hao wakalipa haraka kuliko waliopata barua ya kawaida, wala faini haikupandishwa.