Mafuta ya kupikia si ya beringi ya santuri

Katika magrupu ya WhatsApp ya Lubumbashi unazunguka ujumbe wa zamani: mashine ya santuri ikikokota, tia mafuta ya kupikia kwenye beringi, yaani sehemu ambamo mhimili wa sahani huzunguka. Si sahihi, ukikufikia, usiusambaze. Mwanzoni sahani inayobeba santuri huzunguka vizuri, ndiyo maana watu huamini. Baadaye mafuta hayo hushikana na hewa, yakanata kama gundi. Jaribu: weka tone la mafuta ya kupikia na la mafuta ya cherehani juu ya kioo, ngoja wiki kadhaa, gusa.

Vua sahani, chomoa mhimili, safisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, ukauke. Tia matone 2 au 3 ya mafuta ya cherehani, isipokuwa kitabu cha mashine kikitaka mazito zaidi. Ikikokota bado, kagua mkanda unaozungusha sahani: mara nyingi umelegea.