Hospitali ikipunguziwa bei ya gesi, gharama ya bomba inamwangukia nani?

"Kwa hiyo sisi wadogo ndio tunaowalipia wakubwa?" Mama mmoja mwenye mgahawa pale soko la Majengo, hapa Dodoma, aliniuliza hivyo, risiti ya LUKU mkononi. Alikuwa amesikia kwamba wateja wakubwa wanauziwa uniti ya umeme kwa bei ya chini kuliko yake.

Alisikia sawa. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida kama mgahawa wake, analipa shilingi 292 kwa uniti, na wa T2, la watumiaji wakubwa, shilingi 195, kabla ya kodi na tozo. Lakini huyo wa T2 analipia pia kiwango cha juu kabisa cha umeme alichovuta mwezi huo, shilingi 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha umeme unaovutwa kwa wakati mmoja), hata kama alikifikia mara moja tu. Anapunguziwa uniti, anachangia njia ya kuzileta.

Gesi ya bomba ina hesabu hiyohiyo, na naona ni vizuri tuielewe mapema. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikaanza kutumika Dar es Salaam 2004. Bomba kubwa kutoka Mtwara likafuata 2015. Dodoma bado tunapikia mtungi.

Tuchukue mji wenye mabomba yake wenyewe, kama Philadelphia kule Marekani, ambako shirika la gesi ni mali ya jiji. Tuseme kuyatunza mabomba kunagharimu milioni 600 kwa mwaka, gesi ipite isipite. Hospitali kubwa inachangia milioni 240, nyumba za watu zinachangia 360. Siku moja hospitali inasema: tupunguzieni, la sivyo tunahamia dizeli. Ikiondoka, milioni 600 zote zinabaki kwa wenye nyumba. Jiji likikubali hospitali ichangie 150, wenye nyumba watabeba 450. Ni nafuu kuliko 600, ila ni zaidi ya walichokuwa wakilipa jana.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Je, hospitali ingeondoka kweli? Kama ilikuwa inatishia tu, wenye nyumba wametoa zawadi ya milioni 90 bila kuulizwa. Ndiyo maana mtu wa jiji hapaswi kuridhika na barua ya malalamiko. Aende kwenye chumba cha boila, aone kama mitambo inaweza kuchoma dizeli, na kama tangi la dizeli lipo. Na kuna sakafu ambayo hashuki hata akibembelezwa: gharama ya gesi yenyewe pamoja na ya kumfikishia mteja huyo. Chini ya hapo, kila uniti inayouzwa ni hasara kwa wengine.

Punguzo linaweza pia kulipiwa kwa haki. Usiku wa baridi kali, kila nyumba inawasha gesi ya kupasha joto. Mteja mkubwa akikubali kukatiwa kwa muda usiku huo, ahamie dizeli yake, jiji halilazimiki kujenga bomba nene zaidi kwa ajili ya siku chache za mwaka. Huyo nampa bei nafuu bila kusita, mradi mkataba useme pia kiasi cha chini atakacholipa hata asipotumia, na wananchi wausome. Hapa kwetu bei za kusafirisha na kusambaza gesi ya bomba zinasimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na wadau huitwa kwenye taftishi, yaani mkutano wa wazi wa kutoa maoni. Twendeni tukaulize.

Kwenye mtungi mambo ni tofauti. Hakuna bomba la pamoja, kwa hiyo shule ikipunguziwa, mama wa Majengo haongezewi hata senti. Taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na naziambia zibane bei kadiri zinavyoweza. Ila ziangalie kinacholipiwa.

Mwezi wa Saba mmoja niliingia jiko la shule ya bweni hapa mkoani. Mtungi wa kilo 38 ulikuwa umeganda barafu nyeupe nusu ya chini. Gesi ya mtungi ni kimiminika, na kinapogeuka hewa kinanyonya joto la chuma. Ukivuta kwa kasi, mtungi unapoa, msukumo unashuka, moto unafifia. Mpishi akasema gesi imeisha. Tukaupima, tukatoa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa juu yake: zilibaki kilo sita. Shule ilikuwa imepigania punguzo la asilimia 5, huku karibu asilimia 16 ikirudi kwa muuzaji ndani ya mtungi.

Tuliunganisha mitungi minne ivutwe kwa pamoja, polepole, badala ya mmoja mmoja. Mzani ukawekwa mlangoni pa stoo, na mkataba ukaongezwa mstari: kilo zinazorudi zinakatwa kwenye bili inayofuata.