Maji ya farumi: mgeni asiyeonekana katika bandari ya Lamu

Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lianze kazi Mei 2021, wavuvi wa Pate na Manda hutuuliza sana kuhusu moshi na mafuta ya meli. Wana haki. Ila mafuta yakimwagika kila mtu huyaona. Mimi nahofia zaidi maji ya farumi.

Manahodha wetu wanaijua farumi: mawe au mchanga wa kukituliza chombo kitupu kisipinduke. Meli ya chuma hutumia maji ya bahari. Ikishusha mzigo huvuta maji matangini, ikija kupakia huyamwaga, na meli kubwa hubeba maelfu ya tani. Humo mna mayai ya samaki, vibuu vya kaa, mwani wenye sumu, pengine hata vimelea vya kipindupindu. Jiwe la farumi halizaani, hawa huzaana. Katika Bahari Nyeusi, miaka ya 1980, kiumbe laini mfano wa yavuyavu aliletwa hivyo kutoka pwani za Amerika. Alikula chakula cha dagaa pamoja na mayai yao, na uvuvi ukaanguka.

Mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi ulipitishwa 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017. Meli huyachuja maji, kisha huyapiga mwanga wa urujuanimno au klorini inayotengenezwa kutokana na chumvi ya maji hayohayo. Mtambo ukiharibika, mara nyingi hurudiwa njia ya zamani: kuyabadilisha kilindini, maili 200 za baharini kutoka nchi kavu inapowezekana. Hapo ndipo mkaguzi anapotakiwa kuwa mjanja. Daftari la meli huandikwa lolote. Chumvi haidanganyi kirahisi. Maji ya kilindini yana gramu kama 35 za chumvi kwa kilo. Sampuli ya tangi ikisoma 20, maji hayo si ya kilindini, na nahodha ana la kueleza.

Viumbe husafiri pia wakiwa wamegandamana na chombo, majahazi yakiwemo. Ukikwangua chombo kilichotoka bandari nyingine, fanya kazi hiyo juu ya mpaka wa maji ya bamvua, taka uzifukie huko. Na ukikuta kwenye dema kome au kaa usiyemjua, usimrudishe majini. Mpige picha, andika siku na mahali, umtie kwenye spiriti, kisha umpeleke BMU yako (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) au ofisi ya uvuvi.