Mtoto Anacheua: Dawa Yake Inatibu Nini Hasa?

Dawa ya asidi anayoandikiwa mtoto mchanga haizuii maziwa kupanda. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowarudisha akina mama kwenye dirisha letu la dawa hapa Lamu kabla wiki haijaisha, chupa mkononi, wakisema dawa imeshindwa. "Mwanangu bado anacheua vilevile." Naam, anacheua vilevile, na huenda dawa inafanya kazi yake barabara. Kazi hiyo ni kupunguza ukali wa kile kinachopanda, kisimchome njia ya chakula. Wingi wake haiugusi.

Mama asipoelezwa hivyo mapema, mojawapo kati ya mambo mawili hutokea. Huiacha dawa ambayo mtoto anaihitaji, au huongeza kipimo mwenyewe, leo kidogo, kesho kidogo, akingoja bega lake likauke. Hilo la pili ndilo linalonitia hofu.

Kucheua kwenyewe si ugonjwa. Msuli unaobana mlango wa juu wa tumbo la mtoto bado haujakomaa, tumbo ni dogo, chakula chote ni cha majimaji, na mwenye tumbo hilo hushinda amelala. Watoto wasiopungua 4 kati ya 10 hucheua mara kwa mara. Wengi huanza kabla ya kufikisha wiki 8, hali hupamba moto karibu na mwezi wa 4, kisha hupungua wakianza kuketi na kula. Kati ya watoto 10 wanaocheua, 9 huwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka. Mtoto anayenyonya vizuri, anayekojoa, anayeongezeka uzito na anayecheka baada ya kumlowesha mamake hahitaji dawa. Anahitaji kanga nyingine.

Shahidi wangu wa kwanza huwa ni Kitabu cha Mama na Mtoto. Nafungua ukurasa wa uzito. Mstari ukiwa unapanda tangu chanjo ya wiki 6 hadi ya 10 na ya 14, nusu ya wasiwasi wangu huisha hapo hapo, hata kama mama ameniambia mtoto "hutapika kila anachokula". Matone machache ya maziwa kwenye kanga huonekana mengi kuliko yalivyo. Mwaga kijiko kimoja cha maziwa juu ya kitambaa uone linavyotanda doa.

Kabla ya dawa tunatazama ulishaji. Kwa anayenyonya, tunaangalia namna anavyoshika titi, na kama hupewa nafasi ya kupiga mbweu katikati. Baada ya kunyonya, mpakate wima kwa dakika 20 au 30. Kwa anayelishwa kwa chupa, mara nyingi tatizo ni wingi. Mtoto wa kilo 4 hutosheka na takriban mililita 600 kwa saa 24, lakini wapo wanaopewa karibu lita nzima kwa sababu kila kilio kimehesabiwa njaa. Gawa maziwa yale yale mara nyingi zaidi, kidogo kidogo. Mavyaa akishauri kijiko cha uji ili kumtuliza tumbo, mshukuru, na uji uusubirishe hadi miezi 6. Asali nayo isubiri hadi mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu ya kupooza kwa watoto wachanga. Na mtoto akiwa na upele mkavu unaomwasha, au choo chenye damu pamoja na kucheua, tunafikiria mzio wa maziwa ya ng'ombe, hata yale anayokunywa mama kwenye chai. Huo tiba yake si dawa ya asidi.

Dawa huingia pale kunapokuwa na madhara: mtoto anaanza kunyonya kisha anaachia titi na kujipinda mgongo akilia, anakataa kula siku baada ya siku, uzito umesimama, au daktari ameona dalili kwamba njia ya chakula imechubuka. Kilio peke yake hakitoshi. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 162 waliokuwa wakilia na kusumbuka kwa kile kilichodhaniwa kuwa asidi. Nusu walipewa lansoprazole, ambayo ni ndugu ya omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, na nusu wakapewa dawa bandia. Waliopata nafuu walilingana kabisa, asilimia 54 kila upande. Waliopewa dawa halisi ndio waliopata zaidi madhara makubwa, hasa maambukizi ya kifua. Asidi ya tumboni ni mlinzi, huua vijidudu vinavyoingia kwa mdomo. Ukimwondoa mlinzi huyo bila sababu, unafungulia mlango kuhara na nimonia.

Dawa ambayo mara nyingi hujaribiwa kwanza ni ile ya unga wa vipakiti, kama Gaviscon ya watoto wachanga. Hii ni tofauti. Haipunguzi asidi sana, bali huyafanya maziwa kuwa mazito ili yasipande kwa urahisi, kwa hiyo hapa una haki ya kutarajia kucheua kupungue. Kwa anayenyonya, unga huchanganywa kwanza na kijiko kidogo cha maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uwe ujiuji, kisha huongezwa maji kidogo, akapewa kwa kijiko katikati ya kunyonya au mwishoni. Wengi hawaambiwi kwamba ina chumvi ya sodiamu, hivyo haifai kwa mtoto anayepoteza maji mwilini, awe anaharisha, ana homa, au yumo katika chumba chenye joto kali. Maelezo ya dawa hayakuandikwa kwa ajili ya Lamu, lakini chumba cha mabati mwezi wa Machi, upepo umekufa, ndicho hasa yanachokizungumzia. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati asipewe bila daktari kusema. Isichanganywe na maziwa ya kopo ambayo tayari yamefanywa mazito. Na ile Gaviscon ya watu wazima si ya kumgawia mtoto robo.

Sasa omeprazole. Karibu kila nyumba ina mtu mwenye vidonda vya tumbo, na karibu kila mwenye vidonda ana kapsuli za miligramu 20 kabatini. Nimeletewa swali hili na akina mama, na baba mmoja mvuvi pia: "Daktari, si nifungue ile ya bibi yake nimpe punje chache?" Hapana. Ukifungua kapsuli unakuta punje ndogo, na kila punje imevishwa ganda. Ganda hilo lipo kwa sababu asidi ya tumbo huiharibu omeprazole kabla haijafyonzwa. Ukizisaga punje kwenye kinu ili mtoto aweze kumeza, umelivunja ganda, na dawa itaharibika njiani. Usipozisaga, mtoto wa miezi miwili anaweza kupaliwa nazo. Tena kipimo cha mtoto hupigwa kwa kilo zake, na hakuna jicho linaloweza kukadiria sehemu ya miligramu katika punje.

Mtoto hupewa omeprazole iliyotengenezwa kwa ajili yake au iliyoandaliwa na mfamasia, mara nyingi ikiwa ya maji. Hapo kuna mtego mwingine. Dawa hiyo ya maji huja kwa nguvu tofauti: ipo yenye miligramu 2 katika kila mililita, na ipo yenye miligramu 4. Mama aliyezoea kuvuta mililita 2 kutoka chupa ya kwanza, akipewa chupa ya pili yenye nguvu zaidi akavuta mililita 2 zile zile, amempa mtoto maradufu. Kila ukipokea chupa mpya, hata ikiwa sanduku lafanana, muulize aliyekupa: leo ni mililita ngapi? Akuonyeshe alama kwenye bomba.

Bomba ninalolisema ni sirinji ya plastiki isiyo na sindano, ya mililita 1, 2 au 5. Tafadhali usipime kwa kijiko cha chai. Mama mmoja aliniletea vijiko viwili kutoka jikoni kwake, vyote akiviita vya chai. Tukavijaza maji, tukayavuta kwa sirinji pale dirishani. Kimoja kilichukua chini ya mililita 4, kingine kilipita 6. Akacheka, mimi sikucheka sana. Na chunga ile nukta: 0.5 si 5. Nikiandika kipimo kilicho chini ya 1, hupiga mstari kwenye sirinji yenyewe kwa kalamu ya wino mzito, maana karatasi hupotea.

Namna ya kumpa: tikisa chupa kama lebo inavyosema. Vuta dawa taratibu, geuza sirinji ncha juu, gongagonga ili kiputo cha hewa kipande, kisukume nje, kisha hakikisha mstari. Mpakate mtoto akiwa amenyanyuka, kichwa kikiegemea mkono wako, asiwe chali. Weka ncha ya sirinji ndani ya shavu, kati ya ufizi na shavu, si katikati ya ulimi wala nyuma kooni. Sukuma kidogo, ngoja ameze, sukuma tena. Usimbane pua. Usimimine dawa ndani ya chupa nzima ya maziwa, kwa sababu akiacha robo hutajua amepata kiasi gani.

Omeprazole hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia chakula kwa nusu saa hivi. Najua mtoto anayenyonya kila baada ya saa mbili hana "kabla ya chakula". Kama ni mara moja kwa siku, chagua saa moja usiyoisahau. Wengi hapa Amu huchagua baada ya swala ya Alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Akitapika yote kabla ya nusu saa kwisha, mrudie kipimo kile kile mara moja tu. Nusu saa ikipita, ngoja hadi kesho. Akicheua maziwa kidogo tu, usirudie. Ukisahau dozi, usizipandanishe mbili.

Soma lebo kuhusu friji. Baadhi ya dawa hizi lazima zikae kwenye baridi, nyingine hazihitaji. Anayesafiri kwa boti kwenda Pate au Kiwayu anaweza kuiweka katika sanduku la barafu la wavuvi, ila aifunge kwa kitambaa na mfuko, isigusane na barafu ikaganda.

Kuna dawa ambazo bado huulizwa kwenye kemisti na hazina nafasi hapa. Ranitidine iliagizwa kuondolewa sokoni Marekani Aprili 2020 kwa sababu ya kemikali inayohofiwa kuleta saratani. Metoclopramide, dawa ya kuzuia kutapika, Ulaya imepigwa marufuku kwa walio chini ya mwaka 1 tangu 2013. Domperidone, nayo ya kuzuia kutapika, ina hatari ya kuvuruga mapigo ya moyo. Chupa iliyobaki kwa mtoto wa jirani nayo si yako.

Sasa yale yasiyongoja dawa wala miadi. Matapishi ya kijani, rangi ya nyongo. Damu, au kitu kama machicha ya kahawa. Matapishi yanayoruka mbali kwa nguvu kila baada ya kunyonya, kwa mtoto wa wiki chache ambaye papo hapo anataka kunyonya tena: huenda njia ya kutokea tumboni imejibana, na hilo hurekebishwa kwa upasuaji. Tumbo lililovimba na kukaza. Utosi uliotuna au uliobonyea. Mtoto aliyelegea, asiyekojoa, au aliye chini ya miezi 3 mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi. Ukiona mojawapo, toka usiku huo huo. Walio Siyu, Pate na Kizingitini waanzie hospitali ya Faza, wasikae gatini wakingoja maji yajae ili wavuke hadi hospitali ya King Fahd hapa Lamu.

Akilala, alale chali, juu ya godoro gumu lililo sawa, bila mto, hata kama hucheua. Njia yake ya hewa iko juu ya njia ya chakula anapolala chali, na kikipanda kitu hukimeza au hukitema. Kumlaza kifudifudi kwa kuogopa apaliwe humweka katika hatari kubwa zaidi ya kufa usingizini.

Dawa ya asidi kwa mtoto mchanga ni jaribio lenye mwisho, kwa kawaida wiki 4. Katika muda huo usihesabu vitambaa. Tazama kama ananyonya bila kujipinda, kama usingizi umerudi, kama mizani imepanda. Visipobadilika, dawa husimamishwa na sababu nyingine hutafutwa. Vikibadilika, daktari ataamua lini kuipunguza, na asidi inaweza kupanda kwa siku chache baada ya kuacha, kwa hiyo usikimbilie kuianza tena bila kuuliza. Ukija kliniki siku hiyo njoo na chupa, sirinji na kitabu chake, na uvute dawa mbele yetu kama unavyoivuta nyumbani.