Ndefu au fupi? Tunayoyaamini kimakosa kuhusu urefu wa maudhui

"Tuandike maneno mangapi?" Kwenye timu nyingi za masoko swali hili huulizwa mapema mno, kabla hata haijajulikana nani atasoma na anataka kujua nini. Majibu yanayotolewa nayo hutokana na dhana zilizorudiwa hadi hakuna anayezihoji tena.

Dhana: Watu wa sasa hawatulii zaidi ya sekunde 8, hata samaki wa dhahabu anawazidi.

Takwimu hii ilivuma baada ya ripoti ya Microsoft Canada ya mwaka 2015. Ripoti yenyewe haikuipima, iliinukuu kutoka tovuti ya Statistic Brain. BBC ilipofuatilia mwaka 2017, taasisi zilizotajwa kuwa chanzo hazikuwa na utafiti wa kuithibitisha, na wanasaikolojia walioulizwa walieleza kuwa umakini hutegemea kazi ambayo mtu anaifanya. Hata samaki mwenyewe anasingiziwa, maana watafiti humtumia kuchunguza kumbukumbu kwa sababu anayo.

Kilicho kweli ni kwamba watu hupitisha macho kwanza. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, alipowachunguza wasomaji wa intaneti mwaka 1997, asilimia 79 walipitia juu juu kila ukurasa mpya waliofungua, na asilimia 16 tu walisoma neno kwa neno. Lakini anayepitisha macho anatafuta kitu. Mtu anayeliruka tangazo lako baada ya sekunde mbili ndiye huyo huyo atakayekesha akisoma maoni ya wanunuzi kabla ya kulipia kompyuta. Utafiti huo unatufundisha kujali vichwa vidogo, mpangilio na sentensi ya kwanza ya kila aya. Hautuambii tufupishe kila kitu.

Dhana: Google inapendelea makala ndefu.

Hii ndiyo iliyoharibu kurasa nyingi kuliko zote, na inanikera kwa sababu anayeumia ni msomaji. Mwaka 2016 kampuni ya Backlinko ilichambua matokeo milioni moja ya utafutaji, ikaona kuwa kurasa zilizotokea kwenye ukurasa wa kwanza zilikuwa na wastani wa maneno 1,890. Ulikuwa uchunguzi wa kinachoambatana na nini, si wa kinachosababisha nini. Wengi wakaugeuza kuwa amri: andika maneno 2,000, utapanda juu. Walisahau kwamba makala inayoeleza jambo kwa kina huwa ndefu yenyewe, huvutia viungo (linki) kutoka tovuti nyingine, na mara nyingi huandikwa na tovuti ambazo tayari zinaaminika. Ukiuchukua urefu peke yake, hayo mengine hayakufuati.

Google wenyewe, katika mwongozo wao kwa waandishi wa tovuti, wanasema wazi kuwa hawana idadi ya maneno wanayoipendelea. John Mueller wa kampuni hiyo naye amelirudia jibu hilo mara kadhaa. Hata hivyo, mtu anatafuta namna ya kubadilisha nenosiri lake, anafungua ukurasa, na kabla ya hatua ya kwanza anapewa historia ya nenosiri, umuhimu wake na hatari za kulisahau. Mwandishi anazunguka mbuyu ili atimize idadi. Hatua nne zilizoandikwa vizuri zingemtosha mtu huyo, na angeondoka akiwa na imani na aliyemwandikia.

Dhana: Tangazo refu halisomwi.

Oktoba 1948, kampuni ya udalali wa hisa ya Merrill Lynch ilichapisha katika gazeti la New York Times tangazo la ukurasa mzima lenye maneno zaidi ya 6,000, lililoandikwa na Louis Engel. Lilieleza hisa na hati fungani ni nini kwa mtu asiyejua lolote. Maombi ya vijitabu yakamiminika kwa maelfu. Barua ya mwandishi wa matangazo Martin Conroy ya kuuza usajili wa gazeti la Wall Street Journal, ya kurasa mbili, ilitumika kwa zaidi ya miaka 25. Katika visa vyote viwili hapakuwa na muuzaji mbele ya mteja wa kumjibu maswali, na fedha zilihusika. Maandishi yalilazimika kuifanya kazi ya muuzaji yote.

Dhana: Fupi ni rahisi, na kila chapa inaiweza.

"Just Do It" ya Nike, ya mwaka 1988, ni maneno matatu. Yalisimama juu ya jina ambalo watu walikuwa wanalijua na matangazo yaliyoyapa uhai. La kwanza lilimwonyesha Walt Stack, mzee wa miaka 80, akikimbia. Kampuni ambayo haijulikani ikija na maneno matatu kama hayo, msomaji hajui hata inauza nini.

Dhana: Mitandao imeshaamua, fupi imeshinda.

Vine, mtandao wa video za sekunde 6, ilifungwa. TikTok iliruhusu dakika 3 mwaka 2021, kisha 10 mwaka 2022, huku YouTube, iliyozoeleka kwa video ndefu, ikiongeza Shorts, sehemu yake ya video fupi. Kila upande unaufuata mwenzake.

Dhana: Msomaji akikaa sana kwenye ukurasa, maudhui yamefaulu.

Kwenye ukurasa wa msaada, dakika sita zinaweza kumaanisha kwamba mtu amepotea. Kabla ya kupanga urefu, kusanya maswali ambayo wateja huwauliza watu wa huduma kwa wateja na wa mauzo, yaandike kwa maneno yao, kisha yajibu. Rasimu ikikamilika, funika aya moja moja na uangalie kama kuna swali lililobaki bila jibu. Kama hakuna, aya hiyo iondoke. Na kama kuna swali ambalo hakuna aya inayoligusa, ongeza aya, hata kama kuna aliyeagiza maneno 300.