Je, wajua kwa nini bakteria yuleyule anamchimba huyu vidonda na yule anamwacha salama?

Watu wawili wanapimwa siku moja, wote wanakutwa na bakteria anaitwa Helicobacter pylori. Mmoja halali, usiku wa manane tumbo linamuwakia moto mpaka anakaa kitako kitandani, mwenzake anabaki kushangaa maana hajawahi kuumwa hata siku moja. Sasa bakteria si ni yuleyule? Jina ndo lilelile, jeni, yaani yale maelekezo ya urithi ya kutengeneza protini zake, hazifanani, na hapo ndo penyewe.

Kwanza tuelewane kidogo, kwa sababu bado kuna watu wanaambiwa vidonda vya tumbo ni mawazo tu au pilipili, na hata madaktari waliamini hivyo miaka mingi, wakisema kwenye asidi kali namna ile hakuna kiumbe anaweza kuishi. Madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, kule Perth, Australia, ndo wakawa wanawaona hawa bakteria kwenye vipande vya nyama vilivyotolewa tumboni mwa wagonjwa. Kuwaotesha maabara ikagoma, mpaka Pasaka ya 1982 sahani zikaachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa ajili ya sikukuu, kurudi wanakuta wameota. Bado watu hawakuamini kwamba hawa bakteria ndo wanaleta ugonjwa. Basi 1984 Marshall akawanywa mwenyewe, siku chache mbele anatapika, na kipimo cha kamera kikaonyesha ukuta wa tumbo umevimba. Tuzo ya Nobel wakaja kuipata 2005.

Lakini angalia hapo, Marshall hakupata kidonda, alipata gastritisi, yaani ule utando wa ndani wa tumbo kuvimba na kuwa mwekundu, wakati kidonda ni pale utando umechimbika mpaka pamebaki shimo. Na karibu kila mwenye huyu bakteria ana gastritisi, hata huyo asiyesikia chochote, ukikata kipande chake kidogo ukaweka kwenye hadubini utaiona. Wanaofika kwenye kidonda ni kama 10 katika kila 100. Kwa hiyo swali lenyewe hasa ni nini kinawasukuma hawa wachache.

Mwaka 1997 wanasayansi walisoma jeni zote za bakteria mmoja wa aina hii, zikatoka kama 1,600 hivi. Nyingine kila mmoja wao anazo, kama zile za kutengeneza kimeng'enya cha yurease, kinachovunja yurea iliyomo tumboni na kutoa amonia, hiyo amonia inapoza asidi inayomzunguka mpaka anapata nafasi ya kujichimbia kwenye ute. Bila hizo angekufa mapema sana.

Ubaya unaanza na zile ambazo wengine wanazo na wengine hawana. Kuna kundi la jeni kama 30 zimekaa pamoja, maarufu kati yao inaitwa cagA. Mwenye kundi zima anajenga kitu kama sindano, kweli kabisa sindano, anaichoma kwenye seli ya tumbo na kuisukumia protini ya CagA ndani. Ikishaingia, vimeng'enya vya seli yenyewe ndo vinaiwasha, yaani mwenye nyumba anamfungulia mwizi mlango, afu seli inavutika inakuwa ndefu, inaachana na jirani zake, na seli zikiachana asidi inapata upenyo. Seli inapiga kelele kuita kinga ya mwili, kinga inakuja kwa nguvu, na uvimbe unazidi.

Nyingine ni vacA. Hii wote wanayo ila imeandikwa tofauti tofauti, kuna aina zinatoa sumu kali inayojaza seli mapovu mpaka inakufa, na kuna aina sumu yake haina makali. Bakteria akiwa na babA pia, jeni ya kama kulabu ya kung'ang'ania ukuta wa tumbo, huyo bakteria hasombwi na kitu.

Sasa nisikutishe, kuwa na cagA sio hukumu. Huko Asia ya Mashariki karibu bakteria wote wa aina hii wanayo, na bado watu wengi hawana vidonda. Jeni za mtu mwenyewe zina sehemu yake, sigara ina sehemu yake, na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kukuchimba kidonda hata bakteria hayupo kabisa, hili naliona linasahaulika mno.

Jeni zinaingia hata kwenye tiba. Dawa ya klarithromaisini inaua kwa kushika mtambo wa bakteria wa kutengeneza protini, ila herufi moja tu ikibadilika kwenye jeni husika, dawa haipati pa kushika. Ndo maana wagonjwa wawili wanameza dozi ileile siku 14, mmoja anapona na mwingine anarudi na maumivu yake yaleyale, na watu wanamlaumu kwamba hakumeza vizuri wakati kameza vidonge vyote. Huyo anahitaji antibayotiki nyingine, na kipimo cha kujua kama bakteria ameisha kinafanywa angalau wiki 4 baada ya kumaliza dozi, kwa sababu ukipima mapema wanakuwa wachache mno kuonekana na unaambiwa umepona kumbe bado wapo.